Shahidi wa Pili

Nimechapa wosia wa watu zaidi ya mia mbili, na sijawahi kumwogopa marehemu hata mmoja. Nawajua wote. Namjua aliyemnyima mwanawe wa kwanza, namjua aliyemkumbuka mwanamke ambaye mkewe hamfahamu, namjua hata aliyemwachia baiskeli mtu aliyekwisha kufa mwaka mmoja nyuma. Wakishazikwa, mafaili yao nayapanga kabatini, nanawa mikono, naenda kula. Mmoja tu ndiye aliyekataa kukaa kabatini. Naye ni mama mkwe wangu, aliyefariki bila kuniita mkwe hata siku moja.

Jumapili ile alasiri nilikwenda nyumbani kwake kumwambia mwanawe jambo nililomficha tangu mama afariki, miezi miwili kasoro siku tatu. Sikuwa tena na pa kukimbilia. Kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa mbele ya msajili wa mahakama, niape kwamba nilimwona mama akitia saini wosia wake, na visingizio vyote nilikuwa nimeshavimaliza: nimeumwa jino, nimeumwa tumbo, nimezika shangazi wawili ambao hata hawakuzaliwa. Mzee, yaani wakili ninayemfanyia kazi, aliniambia Ijumaa kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akikasirika kweli, kwamba mashangazi wamekwisha.

Nyumba yenyewe si kubwa. Vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, na chumba cha mbele ambacho mume wangu amekifanya karakana ya viatu. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo, maana ndoa yetu ilikuwa ya siri na ulimi ukizoea kujificha hauna haja ya kufundishwa tena. Wosia ulisema nyumba na karakana ni za Fundi. Kiwanja cha nje ya mji, fedha za benki na vyote vilivyobaki ni vya dada yake, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mwanamke ambaye hata akikusalimia unajihisi umechelewa darasani.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa ameinama juu ya mashine, mgongo kwangu, shati limeng'ang'ania mabega kwa jasho, nami nikasimama kizingitini nimtazame kwanza. Mwenzenu napenda kumwangalia akifanya kazi. Ana mikono mizito ya mtu wa nyundo, lakini akishika ngozi laini utadhani anamfunga mtoto vifungo. Nikajiambia, mwangalie vizuri leo, huenda kesho asitake hata kukuona.

"Ingia, Karani," akasema bila kugeuka. "Au unasubiri kuitwa namba?"

Nikaingia. Chini ya kwapa nilikuwa na kiatu changu cha kahawia, kile kile cha siku zote. Kwa miezi mitano ya ndoa yetu nilikuwa naingia nyumba ile kama mteja, kiatu mkononi ili majirani waone. Kimeshashonwa mara tisa, masikini, hakina tena mahali pa kupitisha sindano.

Na nilipokaa tu kwenye stuli, nikamsikia mama.

Niwaeleze. Mama alikuwa na mguu mmoja mfupi, tangu alipoanguka ngazini akiwa msichana. Fundi alimshonea viatu vyake mwenyewe, cha kushoto kikiwa na soli nene ya vidole vitatu. Akija ukumbini ulikuwa humkosei: ko, halafu kishindo kizito, ko, kishindo. Tulimzika na soksi. Viatu vilibaki, Fundi akaviweka kwenye rafu ya juu karakanani, na kila Jumamosi anavipaka rangi. Basi viatu viko pale, naviona kwa macho yangu, na hatua zinakuja ukumbini. Ko, kishindo. Zinafika kwenye pazia la mlango wa karakana, zinasimama. Mara ya kwanza nilimuuliza Fundi akaniambia ni mbao za dari zinanyooka jua likipungua. Sikuuliza tena. Nilikuwa na sababu zangu za kutotaka jibu.

Siku hiyo Fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kungoja. Alinieleza mipango yote bila kupumua: kesho nikishaapa, wosia unapita, nyumba inakuwa yake kwa karatasi, na kesho hiyo hiyo ananiingiza kwa mlango wa mbele mchana kweupe, nikiwa na sanduku langu. Dada yake aseme atakavyosema. Mapazia tungeyashusha. Chumba cha mama tungekiacha kwanza, hadi nitakapojisikia. Halafu akafungua kabati, akatoa boksi, na ndani yake mlikuwa na viatu vyekundu, ngozi laini, kisigino cha kiasi, vya mguu wangu kamili. Alivishona jioni kwa jioni nisijue.

"Vya kuingilia," akasema, akanitazama machoni mpaka nikaangalia pembeni. "Kile cha kahawia tukizike. Kimeteseka."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilivishika vile viatu, nikanusa gundi mpya, na nikaona kama nikivivaa hata mguu mmoja sitaweza tena kufungua mdomo. Nikavirudisha ndani ya boksi.

"Kuna mstari wa nne," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa karatasi ya kiapo. Naujua kwa moyo, ni mimi ninayeuchapa. Unasema: mimi shahidi si mrithi katika wosia huu, wala si mume wala mke wa mrithi."

Alibaki na tabasamu, lakini likawa halina tena kazi usoni.

"Na shahidi akiwa ni mke?"

"Wosia unabaki mzima. Zawadi ya mumewe ndiyo inakufa. Nyumba inaingia kwenye vyote vilivyobaki."

"Vyote vilivyobaki ni vya dada."

"Ndiyo."

Akaketi. Nilijua anachokiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona: mwanamume mmoja mnene mwenye utepe wa kupimia, aliyeletwa na dada yake mwezi uliopita, akapima mbele ya nyumba mara mbili na kusema hapo yanakaa maduka manne. Simlaumu dada mtu. Ana watoto wanne na nyumba ya kupanga, na mume aliyekwenda kutafuta kazi akajisahau huko. Lakini mashine ya Fundi haina chumba kingine cha kwenda.

Kisha Fundi akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeona mlango. Akanihesabia kwa vidole wanaojua habari ya ndoa yetu. Mimi. Yeye. Msajili wa ndoa, ambaye siku ile alifungisha ndoa tisa na hakututazama usoni. Na mashahidi wetu wawili wa kuokota: mfagizi wa ofisi, na bwana mmoja aliyekuwa amekuja kuandikisha kifo cha kaka yake akakosea dirisha. Nani kati ya hao atakuja mahakamani kusema?

"Hakuna," nikakubali. "Hakuna atakayeuliza hata swali. Nitasoma, nitaweka saini, tutatoka."

"Sasa shida iko wapi? Apa. Tukae mwaka, tufunge ndoa upya mbele za watu, yaishe."

"Unajua kwa nini nilitaka karatasi."

Anajua. Nilimsimulia kabla hajanishika hata mkono. Nimewahi kuwa mke wa dereva wa lori kwa miaka minne, mke wa kufua, kupika, kumkanda mgongo akitoka safari, na hatukuwahi kwenda kuandikisha popote kwa kuwa kila mwezi tulisema mwezi ujao. Alipofariki wakaja kaka zake watatu, watu niliowapikia, ambao watoto wao wamelala kitandani kwangu. Mbele ya balozi wa mtaa wakaulizwa mimi ni nani. Mkubwa wao akanitazama, akasema, "Huyu hatumjui." Nilitoka na begi moja na jiko la mafuta. Nikaenda kwa Mzee nikitaka kushtaki, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, binti, sheria haina macho, inasoma karatasi tu. Je, unajua kupiga chapa? Ndivyo nilivyopata kazi. Miaka sita sasa. Na ndiyo maana Fundi alipoanza kuniletea viatu ambavyo sikuvipeleka kushonwa, nilimwambia wazi: mimi kwako siji bila karatasi.

"Ni mstari mmoja, Karani."

"Najua ni mmoja."

"Ni mdomo tu. Moyoni tunajua."

"Moyoni nilikuwa mke miaka minne," nikamwambia. "Na sasa unataka niseme hatumjui huyu, na huyo ni mimi, na anayesema ni mimi."

Akasimama, akaenda mpaka kwenye mashine, akarudi. Fundi si mtu wa hasira. Ikimjia haijui ikae wapi. Akasema mimi nina uchungu wangu wa zamani na yeye ndiye anayeulipia. Akasema amezaliwa kwenye nyumba hiyo, chumba cha kati, na baba yake amefia chumba hicho hicho. Kisha akasimama kabisa. Nikajua limemfikia lile swali ambalo nilikuwa nalikimbia miezi miwili.

"Siku unatia saini," akasema polepole, "sheria hii hukuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Ulikuwa mke wangu wiki ya tatu."

"Ndiyo."

"Ukatia."

"Nikatia."

Nami nikamweleza kila kitu.

Tuliingia chumbani kwa mama siku ile watu watatu: mimi, Mzee, na muuguzi aliyekuwa akija kumchoma sindano. Muuguzi alikuwa shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili alikuwa awe jirani, yule baba wa duka la vitambaa. Alikuwa ameshaitwa na ameshavaa miwani. Mzee akasoma masharti kwa sauti, kama anavyosoma kwa kila mtu, pamoja na hili la mume na mke wa shahidi. Mama alisikiliza amefumba macho, nikadhani kalala. Alipofumbua akanitazama mimi. Akamwambia jirani arudi dukani asije akaibiwa vitambaa, huyu karani anatosha. Mzee hakuona ubaya. Makarani tunatia saini wosia wa wateja kila wiki, ndiyo sehemu ya kazi, kama kuchemsha chai.

Nikasogea kitandani na kalamu. Mama akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mgonjwa wa kubebwa, lakini alinishika nikasimama.

"Binti," akasema, "kabla hujaandika. Kuna jambo unataka kuniambia?"

Neno moja tu lingetosha. Jirani hakuwa amefika hata langoni. Lakini huyu ndiye mama aliyekwisha kumwambia bintiye, nami nikasikia, kwamba mjane ana nuksi na yule wa ofisini akae ofisini. Kwamba nimemzidi mwanawe miaka mitano na nimeshazika mmoja. Nikaogopa. Nikaona nikimwambia atakata roho pale pale mbele ya wakili, na watasema nuksi yangu imepata wa pili. Niliogopa pia macho ya Mzee, na muuguzi, na aibu ya kusema mimi ni mke wa nyumba hii huku nimesimama na faili kama mgeni. Yote hayo yalipita kichwani, na nikasema, "Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akaniachia mkono. "Basi andika," akasema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo mkono ule wa kulia hauna joto. Nikiwa nachapa ofisini naweka kitambaa juu ya kifundo, na bado nasikia vidole vinne upande huu na gumba upande huu. Nikamwambia Fundi hata hilo. Nilitegemea atapiga ukelele, au atanifukuza. Badala yake alikuwa amekaa chini sakafuni, kwenye vipande vya ngozi, uso umempauka.

"Alikuuliza hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo."

"Alikuwa anajua," akasema. "Mama alikuwa anajua kila kitu."

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

Alimwambia jioni iliyotangulia. Alikuwa anamvua viatu, akashindwa kuvumilia, akasema, mama, nimeoa, na niliyemuoa ni yule karani. Mama hakugomba. Aliuliza kama mwanawe ananifurahisha au nanuna tu. Kisha akamwambia asiniambie kwamba amesema. "Mwache aje mwenyewe aniite mama," alisema. "Nataka nisikie kwake." Naye Fundi, mtoto mtiifu, akanyamaza. Akangoja niende. Kila siku alikuwa anangoja, mama akiwa hai, na alipokufa akaweka moyoni kwamba mkewe alikuwa na kiburi. Hakuniambia. Na mimi sikumwambia yangu. Tulilala kitanda kimoja, kwa nusu saa nusu saa za kuibia, kila mmoja akimlindia mwenzake siri ambayo mwenzake ndiye alipaswa kuisikia.

"Kwa hiyo alinitega," nikasema.

"Alikupa nafasi."

"Alisikia sheria ikisomwa, akamfukuza jirani, akaniita mimi. Huo ni mtego."

"Mara mbili alikuuliza, Karani. Mwenye mtego haulizi mara mbili."

Huenda alitaka nimzuie, nimwite jirani arudi, nimbusu mkono. Huenda aliposikia hakuna alisema, haya, kama mwanangu hana mke basi hana cha kupoteza. Aliyejua amelala na soksi zake.

Ndipo zikaja. Ko, kishindo. Ko, kishindo. Na jua lilikuwa bado kali, hakuna mbao inayonyooka saa hiyo. Nilimtazama Fundi, na Fundi alikuwa anatazama pazia.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia tangu tuliporudi makaburini," akasema. "Nilidhani nikikubali, hutakuja tena."

Hatua zikasimama pale pale zinaposimama siku zote. Nikainuka. Nikafunua pazia, ukumbi mtupu. Nikaenda mpaka chumba cha mama, nikafungua. Godoro limekunjwa, dirisha limefungwa, glasi ya maji bado iko juu ya meza na hakuna aliyethubutu kuimwaga. Nikasimama pale alipokuwa amenishika, nikasema kwa sauti, "Lipo jambo, mama. Mimi ni mke wa mwanao." Nikangoja kama mjinga. Hakunijibu mtu.

Niliporudi, Fundi alikuwa amefunga boksi la viatu vyekundu na kulirudisha kabatini. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Nenda, Karani," akasema. "Niache na nyumba yangu kidogo, kabla haijawa ya mtu."

"Unataka niseme nini kesho?"

"Sikuambii useme nini. Nikikuambia, siku moja nitakuja kukulaumu."

"Na usiponiambia?"

"Nitakulaumu pia," akasema. "Lakini kwa adabu."

Nilitoka kwa mlango wa mbele na kiatu changu cha kahawia. Yule jirani wa vitambaa akanipungia mkono, akaniuliza kama kimepona. Nikamwambia bado, kina ugonjwa wa kudumu.

Kesho yake nilifika mahakamani kabla ya mfagizi. Chumba cha msajili ni kidogo, kina meza moja, viti sita na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Mzee alikuja na mkoba wake na chupa ya chai. Dada mtu alikuja saa tatu kamili, suti ya kijivu, mkoba mapajani, akanipa ncha za vidole kama kawaida yake na kukaa mstari wa mbele. Fundi aliingia mwisho. Hakuwa amenyoa ndevu. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, kando ya mlango, akaangalia sakafu. Nilimtazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu kwa karani kumtazama mteja. Hakuinua uso.

Msajili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Akanisomea mstari, nami nikaurudia. Mstari wa kwanza, jina langu na kazi yangu. Wa pili, siku na mahali. Wa tatu, kwamba nilimwona marehemu akitia saini kwa mkono wake na akili zake timamu. Nilirudia yote kwa sauti ya ofisini. Kifundo cha mkono kilikuwa baridi vilevile. Nisiwadanganye kwamba kuna kitu kiliniachia.

Akasoma wa nne. Akapenga kamasi. Akanitazama.

"Huo siwezi," nikasema.

Mzee akageuka na kikombe cha chai mkononi. Nilimwonea huruma, miaka sita hajawahi kuniona nikikosea hata nukta.

"Huwezi kwa nini?" akauliza msajili.

"Kwa sababu mimi ni mke wa mrithi. Nilikuwa mke wake siku natia saini." Nikafungua pochi, nikatoa cheti cha ndoa, nikakiweka mezani. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo, maana mwenzenu natembea nacho.

"Unajua unachokisema kinafanya nini?"

"Najua. Nimekichapa mara nyingi."

Msajili akakisoma cheti pande zote mbili, hata upande usio na kitu. Kisha akainua kichwa na kuuliza kama huyo mume yupo. Feni ilizunguka. Nilikuwa nimeshasimama hivi mara moja maishani, mbele ya balozi wa mtaa, nikisubiri mdomo wa mwanamume mmoja uamue mimi ni nani. Cheti kipo mezani, nikajiambia, hawezi kukana. Lakini sikuwa nataka cheti. Masikini mimi, miaka yote ile nilidhani ninachotaka ni karatasi.

Kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu.

"Nipo," akasema Fundi. Alikuja mbele taratibu, akasimama kando yangu, bega kwa bega, na bado hakunitazama. "Huyu ni mke wangu. Na marehemu mama yangu alikuwa anajua. Nilimwambia mimi kwa mdomo wangu. Andika na hilo."

Msajili akamwambia fomu haina mahali pa kuandika hilo.

"Basi mimi nimesema," akajibu, na chini ya ukingo wa meza, pasipoonekana na mtu, akanishika ule mkono baridi.

Yaliyofuata yalikuwa ya kiofisi. Mstari wa nne ukapigwa kalamu, nikaandika maelezo yangu nyuma, mihuri mitatu ikagongwa. Mzee alinong'ona kwamba tutaongea ofisini, halafu akanimiminia chai yake, kitu ambacho hajawahi kufanya. Fundi akaitwa ndani kutia saini kwamba ameelewa. Mimi nikatoka koridoni kupata hewa.

Dada yake alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa amelia, poda imefanya njia mbili shavuni, na sikujua analia kwa furaha, au mama, au mdogo wake. Tulitazamana. Wale wa kwanza waliniondolea jina ili wachukue nyumba. Huyu, bila jina langu, nyumba asingeipata.

"Wifi," akaniita.

Miaka yote ile nilikuwa nangoja ndugu wa mume, yeyote yule, anitamkie neno hilo mchana, mahali penye watu.

"Abee," nikaitika.

"Mwambie mumeo funguo aziache kwa wakili. Mwisho wa mwezi si mbaya."

"Nitamwambia, wifi," nikasema, na Mungu anisamehe, nilifurahi.